Ulivyonitembeza Tortosa

Azaiba, Maskati, baada ya alasiri

Mwanangu Seif,

Salamu zangu umeshazipata asubuhi pamoja na chai, kwa hiyo sizirudii. Umetoka na baba yako kwenda Ruwi kutafuta sanduku jingine, kwa kuwa la kwanza nimelijaza halua na bizari mpaka halifungiki, na nyumba imekuwa kimya. Nilikuwa naingoja nafasi hii. Naandika kwa ile kalamu nene uliyoninunulia, na ukurasa mzima unachukua maneno machache, kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Mstari ukiteremka, usicheke. Naona neno moja. Nikifika la pili, la kwanza limeshanipotea.

Barua hii nitampa baba yako akutilie kwenye mkoba wa mkononi, na nimemwapisha asikwambie kitu. Nataka uisome ukiwa hewani, kwa sababu ndege haigeuzwi kwa ajili ya mtoto wa mtu mmoja. Wiki iliyopita, ulipokuwa unahangaikia viza, tulikwenda kwa yule daktari wa macho wa Khuwair ya Kusini. Alinipima, akanipima tena, kisha akaanza kuzungumza na baba yako badala ya kuzungumza nami, nikajua. Presha ya macho imezishinda dawa. Hili tundu dogo nililobaki nalo, ninaloonea kalamu hii, linakaribia kuziba, na hapana wa kulizuia. Utakapokuja likizo nitakujua kwa sauti na kwa kukupapasa. Uso wako nitakaouona kesho ndio wa mwisho.

Ningekwambia, ungevunja safari. Nakujua. Ungekaa hapa Azaiba unanitia matone ya dawa yasiyosaidia, ungemwacha mchumba wako Montse wa watu anasubiri, na baada ya muda ungeanza kunichukia kwa adabu, kidogo kidogo, na mimi ningekusikia. Hilo sitaki.

Mambo ya koti, ya dawa ya kikohozi na ya kupiga simu ukifika ameshakwambia baba yako, na atakwambia tena kwenye gari. Mimi sina maagizo. Maagizo hupewa mtu anayekwenda akarudi, na wewe hutarudi. Usikunje uso. Najua utakuja. Utakuja na mkeo, mtalala chumba cha wageni, mtakula pilau, mtaondoka. Nimefundisha jiografia Ghubra karibu umri wangu wote, na kama kuna kitu ninachokijua ni tofauti ya msafiri na mkaazi. Nina habari ya Tortosa tu. Tangu turudi kutoka kule hatujapata kuizungumza sawasawa. Wewe unaitaja kama mji wa mchumba wako. Kwangu mimi ni mji wa mwisho niliopata kuuona, tena niliuona vibaya.

Unakumbuka tulivyofika? Madaktari wa Barcelona walikuwa wamenipima kila kipimo, wakasema tungoje majibu. Wewe ulitaka tukae hotelini nipumzike. Montse, wakati huo hatujui hata kama anaitwa Montse, ni yule nesi wa kunitia matone, akakwambia kwa Kiingereza kwamba kukaa chumbani si kupumzika, na kwamba kwao kuna ngome iliyojengwa na watu wetu. "Watu wetu" ndilo lililonivuta. Nilipanda treni kwa sababu ya maneno mawili ya nesi.

Nikapewa kiti cha dirishani. Bahari ikatufuata sehemu kubwa ya njia, kisha ikatuacha, ikaingia mizeituni na michungwa, halafu mto. Pale kituoni Montse alikuwa anatungoja na gari la kaka yake. Ni siku yake ya mapumziko, akaitoa kwa mwanamke mzima wa Kiomani asiyemjua, ambaye tangu asubuhi hajamwambia hata ahsante.

Tulianza na ngome, ile Suda, juu ya kilima. Nilipanda kwa kushika mkono wako, naona jiwe moja, kisha jingine. Nilidhani nitaona magofu. Nikakuta wameifanya hoteli, wazungu wanakunywa kahawa na nguo zao za kuogea mabegani. Kule juu ukanigeuza mabega taratibu, kila upande, ili tundu langu lipite mji mzima: mapaa ya vigae, mto mpana wa rangi ya kijani, kanisa kuu karibu na maji, na nyuma ya yote milima myeupe ya mawe. Ukaniuliza, "Umeona, Mama?" Nikasema, "Kama uko Unguja, juu ya Beit el Ajaib, unaangalia mtaa wa Malindi."

Montse akauliza nimesema nini. Ukamwambia, "Anasema kama kwao."

Tukashuka kwenye makaburi ya Waislamu wa zamani, pale pale ngomeni, hayana majina. Tukasoma Fatiha. Nikasema kama makaburi ya Mwanakwerekwe. Tukaenda kanisani, akatuonesha jiwe lenye maandishi ya Kiarabu lililotiwa kwenye ukuta, la tangu mji ulipokuwa wa Waislamu. Akatungoja tulisome. Mimi na wewe tukalikodolea macho, wewe mazima na mimi mabovu, na hakuna aliyeambulia herufi. Hati ile ya kale, ya Kikufi, ilitushinda wote wawili, na Montse kwa heshima akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Badala ya kuona haya nikasema baraza za mtaa ule zinanikumbusha Kiponda. Kumbe hata baraza hakuna.

Mpaka tulipofika kwenye mashamba ya mpunga, huko mto unakoingia baharini, yule binti ameshanisoma. Maji yametanda, mpunga mchanga umechomoza, ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja, na mbali kidogo wale wekundu wa miguu mirefu. Kabla sijafungua mdomo akakuuliza, "Kama kwao?" Ukacheka. Mimi nikasema kwa furaha kabisa, "Cheju tupu! Seif, hii Cheju! Marehemu babu yako angekuwepo hapa, angevua viatu akaingia mpungani."

Hapo kicheko kikakukatika. Ukaniambia, na sauti yako haikuwa ya matusi, ilikuwa ya mtu aliyechoka: "Mama, umekuja na macho haya mpaka huku kuangalia Unguja?"

Nilitaka kukuzaba kofi. Nisingekupata, kwa sababu ulikuwa umesimama ubavuni, nisikoona. Nikanuna mpaka usiku. Chakula cha mama yake Montse sikukigusa, nikasingizia tumbo. Lakini ulikuwa umesema kweli, na nimeibeba kweli hiyo mpaka leo, ndiyo maana naiandika.

Seif, unajua ulikokulia. Kila Ijumaa baada ya chakula, nyumbani kwa bibi yako Khuwair, watu walijipanga kwenye mito, kahawa ikazunguka, na mmoja akasema, "Leo tunatoka Darajani tunakwenda Shangani." Basi safari ya Unguja ikaanza, tumekaa vile vile. Huyu anataja duka la kwanza, yule nyumba inayofuata, nani kakaa barazani, mlango gani una misumari ya shaba, wapi panapouzwa urojo. Ukiruka mlango unarudishwa. Bibi yako alikuwa hakimu, na hakuwa na huruma.

"Rudi nyuma, umeipita nyumba ya Bi Salma," anasema. "Au nawe umekuwa mgeni?"

"Nnarudi, Bibi, nnarudi. Nlipitiwa."

Wewe ulikuwa umekaa ubavuni kwangu na kashata yako. Siku moja mjomba wako alikata kona ya Mkunazini, ukainua kichwa ukasema, "Mjomba, umeruka kisima." Mtoto aliyezaliwa Maskati, hajapata kuvuka hata mpaka wa kwenda Dubai! Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, bibi yako akakuvuta akakubusu paji la uso, na mimi nilivimba kwa fahari. Sikujiuliza umejifunza nini. Nilidhani umejifunza kwetu ni wapi. Kumbe ulijifunza kwamba kwetu ni kule ambako hatupo.

Na hata mji huo wa kwetu nilikuwa siujui. Hili hulijui. Miaka ya tisini, njia zilipofunguka watu wakaanza kwenda kutazama, nilikwenda na shangazi yako. Nilishuka Darajani kifua mbele. Nikamwambia asishike mtu wa kutuongoza, mimi mji huu nautembea kila Ijumaa. Seif, nilipotea. Nilipotea mbali na mlango wa nyumba yetu kwa hatua chache tu, jua kali, nimesimama mbele ya ukuta ulioanguka, sijui kulia wala kushoto. Mji ule nilikuwa naujua nikiwa nimekaa. Nikisimama siujui. Muuza maji akatuelekeza, na akanisemesha kwa Kiingereza, akidhani ni mtalii.

Nilirudi Maskati, Ijumaa ikafika, wakaniuliza habari za huko. Nikasema mambo salama. Kisha mmoja akasema leo tunatoka Malindi, na mimi nikataja mlango wa kwanza kama kawaida, kana kwamba ule ukuta haujaanguka. Ningefanya nini? Bibi yako alikuwa ananitazama. Lakini ninachojutia si kuwaachia ndoto yao wazee. Ninachojutia ni kwamba nilikuwa nimeshajua pale hapapo tena, na bado sikugeuza macho nikaangalia hapa.

Hapa sikupaona. Hilo ndilo kosa langu, na si la siku moja. Nilichora milima hii ubaoni, nikawafanya watoto wa wenyewe wakariri majina ya mabonde, na jioni nikafunga pazia. Ulipokuwa darasa la tatu uliniletea karatasi ya kutia saini, mnakwenda Nakhal kuona ngome na chemchemi ya maji moto, wazazi wanaotaka wanakaribishwa. Nikatia saini. Ukauliza, "Mama, nawe utakuja?" Nikasema, "Mawe nayo yataka kwenda kuangaliwa?" Uliporudi ulikuwa na maji ya chemchemi ndani ya chupa, umeniletea nitie mkono nione joto. Yalikuwa yameshapoa. Nikasema kweli, ya moto, nawe ukajua ninadanganya.

Mwezi uliopita nimemwambia baba yako anipeleke Nakhal. Alinitazama kama nimesema anipeleke mwezini. Tukaenda, nikaiangalia ile ngome juu ya jabali, mnara mmoja, kisha mwingine, kisha mitende chini yake. Nikijitahidi kuunganisha vipande, cha kwanza kinanitoka. Sikuweza kuiona yote pamoja. Miaka yote niliyokuwa na macho mapana sikwenda, na nilipokwenda nina tundu la sindano. Nililia ndani ya gari mpaka Barka, baba yako anapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Sasa nikurudishe Tortosa, asubuhi ya pili, kwa sababu jambo moja huko nililiona sawasawa. Montse alitupeleka kwenye ile njia ya zamani ya reli, walikong'oa vyuma wakaacha watu watembee kwa miguu na baiskeli. Mimi nilikuwa bado nimenuna. Yeye akatangulia na baiskeli yake anaisukuma, mimi na wewe nyuma, mto uko upande wetu, hatusemezani. Tukaingia kwenye handaki chini ya kilima. Ndani giza, baridi, maji yanadondoka, na mwisho wake duara dogo la mwanga. Ukasita. Ukanyoosha mkono ukapapasa ukuta.

"Mama," ukasema, "mbona sioni kitu ubavuni?"

"Karibu," nikakwambia.

Ukasimama. Nilisikia ulivyovuta pumzi. Ukauliza kwa sauti ndogo sana, "Ndivyo unavyoona?"

"Ndivyo nnavyoona, baba. Hivi hivi. Tena mchana kweupe."

Ukanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma, na hukusema pole, na nilikushukuru kwa kutosema. Tukatembea. Humo ndani tulikuwa sawa, mimi na wewe, mara moja tu katika maisha yetu. Ila duara lako lilikuwa linakua kila tunapopiga hatua, na langu nilishajua linakwenda wapi.

Tulipotoka nikasema moyoni, leo sitaangalia Unguja. Nikauangalia ule mto. Mto Ebro, Seif, pale unapopinda baada ya handaki, ni mzito, kijani, unakwenda bila ya kufanya kelele, na upande wa pili kulikuwa na ndege wa kijivu amesimama kwenye kitawi, na juu yake jabali jeupe lenye nyufa nyekundu. Haufanani na kitu chochote nilichokijua. Niliuona. Nikafurahi kama mtoto, nikataka kukwambia, nikageuka, nikakutafuta kwa tundu langu: kwanza bega, kisha shingo, kisha uso.

Ulikuwa unamwangalia Montse. Ameinama, anatoa jiwe lililokwama kwenye gurudumu, nywele zimemwagika mbele, na wewe unamwangalia kama mimi nilivyouangalia mto. Nikajua hapo hapo. Majibu ya Barcelona yalikuwa bado, lakini mimi yangu nilikuwa nimeshayapata.

Simchukii. Ningependa kumchukia, ingekuwa nafuu. Lakini alikaa na mimi kwenye benchi la kituo cha treni siku ya kuondoka akanifuta dawa iliyochuruzika shavuni, bila ya kuombwa, bila ya maneno, na mwanamke anayefuta jicho la mama wa mtu vile hachukiki. Baba yako alikasirika wiki nzima, sasa anatafuta koti la baridi lenye rangi itakayompendeza mkwewe. Hilo si tatizo letu. Tatizo letu ni kwamba nilikulea kwa kukuonesha kidole upande wa mbali, na wewe ukawa mtoto msikivu.

Naona tayari itakavyokuwa. Utakaa jikoni kwao, mvua inanyesha, watoto wako wamekuzunguka, na utawaambia leo tunatoka Azaiba tunakwenda Khuwair. Utawatajia msikiti, duka la Mmalabari, nyumba ya bibi yenye bogenvila. Watacheka, watakariri, mmoja atakwambia, Baba umeruka mzunguko wa barabara. Utavimba kwa fahari. Na wakati huo bogenvila imeshakatwa, na mimi labda sipo, na nje ya dirisha lao kuna mto ambao hakuna anayeuangalia.

Nikikuomba usifanye hivyo, nitakuwa nimekuomba unisahau, na hilo siwezi kuliandika kwa mkono wangu. Nimejaribu. Mistari mitatu niliyofuta hapo juu ndiyo hiyo. Basi fanya utakavyoweza. Ila huyo binti akikuonesha kitu, kiangalie chenyewe, hata mara moja kwa siku. Mimi nilikiona kitu kimoja tu kwa namna hiyo, na nilikiona nimechelewa.

Nasikia gari lenu linaingia. Baba yako anapiga honi mlangoni kana kwamba tuna bawabu. Nimalize.

Kesho uwanjani Seeb, ukishapita kwa askari wa pasi, kuna ule ukumbi mrefu wa kioo, na kila anayeondoka hugeuka mara ya mwisho kupunga mkono. Najua utageuka. Mimi sitakuona. Watu ni wengi, tundu ni dogo, na kabla sijakutafuta utakuwa umeshapita. Kwa hiyo nimeamua hivi: ukiniachia tu bega, nitainua mkono wangu, na sitaushusha. Wakati wowote utakaogeuka, utaukuta uko juu. Usidhani nimekuona. Nitakuwa naupungia ukumbi mzima, mashangazi wa watu na wachukuzi wa mizigo, mpaka baba yako anishike kiwiko aniambie umeshaondoka.

Mama yako